Pipa Lililokula Maneno ya Mama Mkwe

Kibanda changu cha kushona kiko sokoni Kashikishi, upande ule wa chisense, samaki wadogo wa ziwa wanaoanikwa juani mpaka hata nguo za wateja wangu zinashika harufu yao. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni Octave. Ukuta wenyewe ni bati moja. Mimi naitwa Pierrette, na sioni aibu kusema kwamba kola tatu nilizoshona kombo mwaka huu, zote tatu ni kosa lake.

Octave ni mtu wa Pweto, ng'ambo ya ziwa, kama mimi. Tulikimbia mwaka mmoja, tukafika kambi ya wakimbizi ya Mantapala wiki tofauti, tukapewa mashamba yanayopakana. Mimi nililima. Octave alisikiliza mihogo. Simsingizii, nasema nilichokiona kwa macho yangu: jembe liko chini, mtu amelala kifudifudi, sikio kwenye udongo. Nilipomuuliza anafanya nini alinijibu kwamba udongo wa Mantapala una sauti nzito kuliko wa Pweto. Mwaka ule alivuna mihogo ya kujaza beseni moja.

Shamba lilipomshinda alipata karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini, kama mimi kabla yake, akaja Kashikishi kuchaji simu za wavuvi kwa umeme wa jua na kuwawekea nyimbo kwenye kadi. Hiyo ndiyo kazi inayomlisha. Kazi inayomla ni nyingine. Ana redio kaseti ya zamani aliyoipata kwa katekista mmoja, mlango wake umefungwa kwa mpira, pamoja na kaseti kumi na moja zilizokuwa za mafundisho ya ubatizo. Ana pipa la chuma lililowahi kubeba mawese, na mtungi wa maji wenye ufa. Kwa vitu hivyo anafanya jambo ambalo yeye analiita kufua sauti. Mimi naliita kuharibu.

Anafanya hivi. Tuseme amemrekodi kwa simu mwanamke anayetwanga. Simu anaishusha ndani ya pipa kwa kamba, kinu kinalia humo ndani, na redio iliyokaa mdomoni mwa pipa inarekodi kinachopanda. Kisha ile kaseti inapigwa mbele ya mtungi, na simu inarekodi kinachotoka kwenye ufa. Kisha pipani tena. Kila mzunguko chombo kinakula kidogo sauti ya kwanza na kuongeza mvumo wake chenyewe, mpaka mwisho hujui kama ulianza na kinu, au na mbuzi, au na mkutano wa kanisa. Inabaki sauti laini inayopanda na kushuka, yenye mchakacho wa kaseti kuukuu chini yake.

"Yaya, sauti ni kama nguo mupya," alinieleza siku moja, maana kwetu yaya ni dada mkubwa. "Inakwaruza. Lazima uifue mara mingi, njo mutu anaweza kuivaa bila kujikuna."

"Na mutu gani alikuomba umufulie?"

"Bado," alisema. "Batakuja."

Wa kwanza kuja alikuwa dereva wa lori la samaki. Alichukua kadi ya kinu kilichofuliwa mara kumi na mbili ili asikilize safarini, akarudi siku ya tatu amenuna. Alikuwa amesinzia kabla hajafika Kawambwa, akaamka lori limesimama lenyewe katikati ya shamba la karanga la mchungaji. Octave alifurahi sana. Alimkalisha kwenye kiti, akamwomba arudie kumweleza usingizi ulimjia baada ya dakika ngapi.

Mtu kama huyo nani atakubali kuolewa naye, nilikuwa najiuliza. Kumbe dawa ya moto ni moto. Mwewa, msichana aliyekuwa anauza vitumbua mlangoni mwa soko, alisimama siku moja mbele ya kibanda cha Octave, beseni kichwani, akasikiliza kinu kile mpaka mwisho, akasema kwamba mzunguko wa tisa ulikuwa mzuri zaidi. Ndoa ilifungwa kabla ya mvua.

Mwewa ni mtoto wa Kilwa, kisiwa cha ziwani humu humu ambacho unakifikia kwa mashua tu. Mama yake anaitwa Esnart, lakini kila mtu anamwita Bana Mwewa, yaani mama yake Mwewa, na hapa lazima nieleze jambo la wakwe, maana bila hilo hutaelewa kwa nini mtu mzima wa miaka thelathini na nne alikuwa anajificha nyuma ya magauni yangu kila Alhamisi.

Kwa watu wa huku, na kwetu ng'ambo ni vilevile, mwanaume aliyeoa hamtazami mama mkwe wake. Hali naye, hapiti alipo, hasemi naye, mpaka siku wakwe watakapoamua kumwingisha. Siku hiyo wanampikia, wanampa mawaidha, wanamfunua uso, na tangu hapo ni mtoto wa nyumba. Wengine wanaingishwa mwaka wa kwanza. Wengine wanangoja mpaka watoto wanne. Anayeamua hasa ni mama mkwe, na Bana Mwewa hakuwa na haraka. Mwaka wa kwanza ulipita, wa pili ukapita, tukaingia wa tatu.

Alhamisi ni siku ya mashua ya Kilwa. Bana Mwewa alikuwa anakuja na kapu la samaki wakavu, analiweka kwa mwanawe, kisha anaketi kwenye kigoda changu kupumzika. Octave akisikia kikohozi chake anaruka na kuingia kati ya magauni niliyoyatundika. Kutoka kigoda mpaka magauni ni hatua mbili. Mila inasema wasionane, wasisemeshane, haikusema wasiwe na ya kuambiana. Kwa hiyo kila neno lilipita kwangu, kama mzigo unaopita forodhani.

"Ba telala," Bana Mwewa anaanza, maana hivyo ndivyo wanavyomwita fundi wa nguo huku, "mumuambie ule mutu, bati ya nyumba ya mwanangu inavuja."

Nageukia magauni. "Octave, bati inavuja."

"Muambie mama, nilishaka kuiziba juzi."

"Bana Mwewa, anasema alishaka kuiziba."

"Aliziba na nini? Na kaseti?"

Hilo sikulifikisha, kwa sababu kweli alikuwa ameiziba na utepe wa kaseti iliyokatika, na lami kidogo.

Hayo yote tungeyazoea. Lakini mwaka huu Mwewa akapata mimba, na Bana Mwewa akatoa uamuzi wake kupitia kwangu: binti atakwenda kuzalia Kilwa, kwenye kliniki ya kule, na atakaa kwa mama yake mpaka mtoto akaze shingo vizuri. Mimi nilifikisha ujumbe kama kawaida. Nilipofungua magauni baada ya yule mama kuondoka, nilimkuta Octave ameketi chini, ameshika upindo wa sketi ya mtu.

"Sikuingishwa, yaya," alisema. "Siwezi kukanyaga mule lupango, mu ua ya bakwe. Mutoto wangu atalia mara ya kwanza, na mi sitasikia."

Nilitaka kumtania, maana ndiyo kazi yangu kwake, nikashindwa. Alikuwa na uchungu, nami nikauona. Mtu anayesikiliza mihogo, halafu anyimwe hicho.

Mwezi wa nne likaja jambo la ule ujumbe. Bana Mwewa alimtumia binti yake ujumbe wa sauti wa dakika nne. Mwewa aliufungulia kibandani kwangu, akidhani ni salamu. Akutukanaye hakuchagulii tusi, wanasema, lakini Bana Mwewa alikuwa amechagua, tena kwa mpangilio. Kwamba binti yake ameolewa na mtu anayeokota makelele ambayo wengine wameyatupa. Kwamba mbuzi aliyeletwa siku ya mahari alikuwa anakohoa. Kwamba nyumba yao hata panya wamehama. Kwamba mwanaume anayeshusha simu pipani kwa kamba, siku moja atashusha na mtoto. Na kila alipomaliza shtaka moja alipiga makofi mawili, pa-pa, kama kawaida yake akifunga hoja, kisha akaanza jingine.

Mwewa alisikiliza mpaka mwisho, akapangusa macho kwa kitenge, akaufuta ule ujumbe kwenye simu. Lakini kabla hajaufuta, Octave, upande wa pili wa bati, alikuwa amekwisha kuurekodi kwa simu yake.

Siku tatu pipa halikunyamaza. Mimi niko upande wa pili wa bati, nitakwenda wapi? Mzunguko wa kwanza ilikuwa kama Bana Mwewa anagomba kutoka ndani ya kisima. Wa tano maneno yalianza kupoteza mikia. Mbuzi hakukohoa tena, alibaki kuvuma. Wa tisa haikuwa Kibemba wala lugha yoyote. Kwenye wa kumi na nne nilisimamisha cherehani. Wa kumi na nane ulikuwa sauti moja ndefu, laini, ya mwanamke anayeita mtu aliye mbali juu ya maji, na kila baada ya muda, pa-pa ndogo, kama matone ya mwisho ya mvua kwenye beseni. Nilikasirika sana, kwa sababu machozi yalinitoka na mteja alikuwa anangoja suruali yake.

Nikaenda upande wa pili. "Octave, umemufanya nini mama ya watu?"

"Nilifua maneno mpaka yakatoka," alisema. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa kupumzika. "Tangu nilioa, mama hajanitumiaka neno moja muzuri. Nikasema basi, tutoe maneno, tusikie sauti yenyewe iko namna gani."

"Na iko namna gani?"

"Iko muzuri, yaya. Iko muzuri sana. Njo shida."

Ingeishia pale. Mwenye kosa ni Thelma. Thelma ni mama wa kujitolea anayepima uzito wa watoto kliniki, na alikuja kwangu kuchukua blauzi, mwanawe mgongoni analia kwa kelele ya kutosha kupasua bati. Octave alikuwa anaijaribu kazi yake upande wa pili. Pa-pa ya kwanza, mtoto akanyamaza. Pa-pa ya pili, akalala. Thelma hakuuliza blauzi tena. Alizunguka bati, akatoka na kadi.

Wanaojua siku ya kupima watoto wanajua zile kelele. Mtoto anatundikwa kwenye mzani ndani ya suruali ya kitambaa, miguu inaning'inia, naye anapiga ukunga kama anachinjwa. Thelma aliweka simu juu ya meza, akaifungulia. Watoto arobaini na moja walipimwa siku ile bila mmoja kulia, na mmoja alilala mzanini kabisa ikabidi wamwinue kwa mikono miwili. Akina mama wakataka. Simu ikampa simu. Baada ya wiki mbili ile sauti ilikuwa imevuka maji, imefika Chisenga, imefika Kilwa, na watu walikuwa wameshaipa jina: malaika.

Nilimshika Octave shati. Nilimwambia, ukitaja kwa mtu yeyote malaika huyo alitoka wapi, mimi sitakuzika. Aliyejua mwingine ni Mwewa tu, na Mwewa alipoambiwa alicheka mpaka ikabidi aketi chini, ameshika tumbo lake la miezi mitano.

Alhamisi moja ya mwezi wa sita Bana Mwewa akashuka mashuani. Nilisikia kikohozi, nikasikia Octave akiingia magaunini, na nikasikia kitu kingine ambacho kilinifanya nijichome sindano. Malaika alikuwa anaimba kutoka ndani ya blauzi ya Bana Mwewa. Simu ameiweka pale, kifuani, na ameketi kwenye kigoda changu kwa utulivu ambao sijawahi kuuona kwake.

"Ba telala, munaisikia hii?" alisema. "Wiki mbili nalala nayo. Presha imeshuka, hata kliniki bameshangaa. Hii ni malaika kweli. Mutu wa kuimba hivi hajagombanaka na mutu hata siku moja."

Gauni moja la harusi lilianza kutetemeka. Nililitazama kwa hasira mpaka likatulia.

"Ni nzuri," nilisema, uzi ukiwa mdomoni.

"Ilitoka wapi?"

Ningesema nini? Soko zima linajua kadi zinatoka wapi. "Ilitoka hapa kwa jirani," nilisema.

"Kwa ule?" Alicheka. "Ule hawezi. Aliiba ku bazungu." Na kwa kuwa alikuwa amemkumbuka, na amepumzika vizuri kwa wiki mbili, na ana nguvu mpya, akaanza. "Mumuambie, mwanangu anakuja Kilwa mwezi kesho, na asitume vitu vya pipa. Atume sabuni."

Akapiga makofi mawili. Pa-pa. Na ndani ya blauzi yake, papo hapo, pa-pa.

Hakuona kitu. Akaendelea. "Mumuambie, mutoto hatavaa nguo ya kuazima." Pa-pa. Blauzi nayo, pa-pa.

Mtu ana kipimo chake cha kusema, hakibadiliki, kama hatua zake za kutembea. Mara ya tatu Bana Mwewa aliinua mikono, na blauzi ikapiga kabla yake. Mikono yake ikabaki hewani.

Aliitoa simu, akaiweka gotini, akairudisha mwanzo. Akaitazama kama mtu anavyomtazama kuku aliyesema. Kisha midomo yake ikaanza kucheza. Mwanzo taratibu, halafu kwa sauti ndogo, akaanza kuyaweka maneno yake ya mwezi wa nne juu ya ule wimbo, moja baada ya jingine. Makelele yaliyotupwa, pa-pa. Mbuzi, pa-pa. Panya, pa-pa. Yalikaa sawasawa, hakuna hata moja lililozidi. Alikwenda nayo dakika nne zote mpaka mwisho. Mteja wangu mmoja aliyekuwa anangoja kupimwa kiuno aliondoka kimya kimya.

"Ba telala," alisema Bana Mwewa. "Mumuulize ule mutu. Hii ni mimi?"

Niligeukia magauni. "Octave, hii ni ye?"

"Muambie mama, ndiyo."

"Bana Mwewa, anasema ndiyo."

"Mumuulize, maneno yangu iko wapi?"

"Octave, maneno yake iko wapi?"

"Muambie mama, pipa ilikula."

Katika kazi yangu yote ya kufikisha ujumbe, huo ndio uliokuwa mgumu kuutamka. Niliutamka. Nikangoja radi.

Bana Mwewa aliizima simu. Kisha akasema jambo ambalo hata mimi, niliyedhani ninamjua, sikulitegemea.

"Ayarudishe."

"Nini, mama?"

"Maneno yangu. Ayarudishe mule ndani. Ile maneno niliyafikiria siku mbili, ba telala. Niliyapanga. Nilisema muzuri. Sasa batoto bote ba Kilwa banalala na mi, kanisa inaniita malaika, na hakuna mutu mumoja anajua nilisema nini."

Nikauliza magauni. Magauni yakajibu, kwa huzuni ya kweli, kwamba haiwezekani. Sauti ikishafuliwa haichafuki tena. Ujumbe wa kwanza Mwewa aliufuta, na yeye mwenyewe alifuta nakala yake na kurekodi juu ya kaseti za mwanzo, kwa kuwa kaseti hazitoshi. Kama mama anataka maneno yawepo, itabidi ayaseme upya.

"Basi nitayasema upya," alisema Bana Mwewa, akakaza kitenge chake kiunoni. "Ba telala, fungua masikio. Utamupa neno kwa neno."

Hapo hasira ikanipanda. Miaka mitatu nabeba bati zinazovuja na mbuzi wanaokohoa. Kola tatu zimeharibika. Sasa nibebe dakika nne za matusi mdomoni mwangu, tena nimtukane nazo mtu ninayempenda kama mdogo wangu?

"Hapana," nilisema. "Mi ni fundi wa nguo, haiko bomba ya maji machafu. Kama munataka kutukanana, mutukanane macho kwa macho kama bantu."

Nilipolimaliza lile neno nilijua nimesema nini. Macho kwa macho. Bana Mwewa alilijua pia, nilimwona. Na nyuma ya magauni hakuna kilichotikisika. Mkwe ambaye hajaingishwa hawezi kuonana na mama mkwe macho kwa macho, na mtu wa nje kama mimi hana ruhusa ya kuligusa jambo hilo hata kwa mzaha. Bana Mwewa aliinuka, akatoka, akaacha kapu lake la samaki pale chini.

Octave alitoka amekuwa wa rangi ya jivu. "Yaya, umeniua," alisema, na hakusema kwa ukali.

Nilijuta. Nilimrudishia Thelma blauzi yenye mikono miwili ya kushoto. Niliwaza kwamba kwa hasira ya dakika moja nimemnyang'anya mtu mtoto wake. Mwewa alipandishwa mashua mwanzoni mwa mwezi wa saba pamoja na sabuni, na Octave alisimama ufukweni mbali, kwenye matete, asije akaonekana na wakwe waliokuja kumchukua. Alhamisi ikaja bila Bana Mwewa. Alhamisi nyingine pia.

Ya tatu alikuja kaka yake Bana Mwewa, Davison, mwenye mashua. Hakuketi kwenye kigoda. Alisema familia imepanga siku, ni Jumamosi, mkwe anaitwa kuingishwa, aje na watu wake na vitu vya kawaida. Alipofika mlangoni alikumbuka kitu. "Na asisahau ile redio," alisema.

Watu wa Octave wako ng'ambo au wametawanyika, kwa hiyo upande wake wote tulikuwa mimi na Thelma. Tulivuka asubuhi. Kilwa nzima ilikuwa imefika uani kwa Bana Mwewa, akina mama na watoto wao mgongoni, maana habari ilikuwa imeenea kwamba leo Bana Mwewa atasema maneno ya wimbo wa malaika. Davison alituambia kwamba wiki nzima dada yake alikuwa anatembea peke yake ufukweni, anasema, anapiga makofi, anarudia, anabadilisha.

Tukamkalisha Octave mkekani, amefunikwa kitenge gubigubi, redio ameipakata humo ndani. Ilimfanya aonekane mjamzito kuliko mkewe, na Mwewa, aliyekuwa ameegemea nguzo ya baraza, aligeuka ukutani ili asicheke mbele ya wazee. Mawaidha yalitolewa, marefu, kila mzee na lake. Vyakula vikafunuliwa kimoja kimoja: kuku mzima, chikanda, ule mkate wa viazi pori na karanga, samaki wa kuchemsha, majani ya maboga kwa karanga, na bukari, yaani ugali, kubwa. Octave akaweka zawadi yake ya noti sahanini akiwa hajafunuliwa bado, akapapasa mara mbili akaiweka kwenye mchuzi. Hakuna aliyesema kitu.

Kisha Bana Mwewa akasimama mbele yake, na Davison akavuta kitenge.

Niliusikia ule mlio mdogo wa kitufe. Kaseti ikaanza kuzunguka. Mama mkwe akamtazama mkwe wake kwa mara ya kwanza tangu ndoa, na mkwe akamtazama, jasho likimtiririka, redio mapajani. Watoto wakalala mgongoni mwa mama zao. Bana Mwewa alifungua mdomo. Akaufunga. Akapiga makofi mawili, kama mtu aliyeanzia mwisho, na maneno hayakuja.

"Njo huyu?" aliuliza hatimaye, hakumwuliza mtu. "Kumbe ni mutoto tu."

Kaseti ilizunguka.

"Mbona mwembamba hivi? Mwewa, unamulishaka nini, vitumbua? Shingo yake muione. Mutu hivi aliziba bati namna gani, upepo haukumubeba?" Na akamgeukia binti yake, akamgombeza kwa dakika zote nne za kaseti, kwa mpangilio, pa-pa, mbele ya Kilwa nzima. Alipochoka alipiga magoti kwenye mkeka, akakata tonge la bukari, akalichovya, akalipeleka mdomoni mwa Octave kwa mkono wake.

"Kula," alimwambia.

Mimi nilikuwa nimekaa katikati yao, mahali pangu pa siku zote. Miaka mitatu si mchezo. Nilimgeukia Octave nikasema, "Octave, anasema ule."

Watu walicheka mpaka watoto wakaamka. Bana Mwewa alicheka akashika mbavu. Octave hakucheka. Mdomo ulikuwa umejaa na macho yamejaa.

"Nimesikia, yaya," alisema.

Mtoto alizaliwa mwezi wa kumi, msichana, kwenye kliniki ya kisiwani. Mimi nilifika saa chache baadaye na nguo nilizomshonea. Thelma, aliyekuwepo, alinisimulia kwamba tangu alfajiri Octave na mama mkwe wake walikuwa wamesimama mlangoni wanagombana wao kwa wao kuhusu nani atamshika kwanza, hawamhitaji mtu wa kati, mpaka kilio kikatoka ndani, wakanyamaza wote wawili, wakashikana mikono. Nilimwuliza Octave kama alikirekodi. Alisema redio ilikuwa mkononi, kaseti ilikuwa ndani, betri zilikuwa mpya, na alisahau.